Barua Ndani ya Bafle

Bafle ilianza kukoroma tukiwa katikati ya wimbo. Ilikuwa Alhamisi mchana, ndani ya ateliye, karakana ya Valentin kule mtaa wa Ndosho, na kila nilipovuta upinde juu ya uzi mnene wa violoni, lile sanduku la spika lilitoa mtetemo mbaya, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

Kahambu, mpiga ngoma wetu, akashusha fimbo zake. "Ile kintu iko nalia nini?"

"Ni groupe," Valentin akajibu upesi mno, akionyesha kwa kidevu jenereta iliyokuwa inaunguruma nje. "Leo umeme yake haiko ya muzuri."

"Groupe iko inje, kaka. Kelele iko humu."

Mimi nina sikio. Padri aliyenifundisha violoni alikuwa akisema naweza kumsikia mbu akipiga miayo. Nikapiga magoti mbele ya bafle, nikalaza shavu juu ya mbao. Valentin aliitengeneza mwenyewe. Alikuwa seremala kabla ya kuwa mpiga gitaa, na kazi ya mikono yake haikuwa kazi ya kukoroma.

"Kuna karatasi ndani," nikasema.

"Béni, acha. Nitaangalia kesho."

Mwaka mmoja na nusu tulikuwa tumejuana, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kuniambia acha. Nikainua macho. Valentin Cirimwami, mrefu, mabega mapana, vumbi la mbao limemkaa kwenye kope, alikuwa anatazama sakafu kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Nikachukua bisibisi mezani. Skrubu nne tu. Mbao ya nyuma ikatoka, na karatasi iliyokunjwa mara nne ikaniangukia mapajani. Juu yake paliandikwa kwa mashine: *Kwa Bénita Umutesi, bendi ya Lac Vert, Goma.*

Najua mtu akisikia kwamba vijana wa Goma walikuwa wanapiga muziki wa Irlandi, anacheka. Hata sisi tulikuwa tunacheka. Padri Fintan, mzee aliyetoka katika kisiwa hicho cha mvua huko Ulaya, alikaa parokia yetu milimani Masisi miaka ishirini na tisa. Alinitia violoni mikononi nikiwa na umri wa miaka minane, akanifundisha nyimbo za kwao: nyingine za kuwalilia watu waliopanda meli wasirudi, nyingine za kuruka mpaka sakafu ya kanisa itimue vumbi. Alipozeeka, wakubwa wake wakamrudisha nyumbani, akaniachia violoni yake. Halafu vita vikaja. Tulishuka kwa miguu hadi kambi ya Mugunga, na njiani nilianguka, shingo ya violoni ikavunjika. Hiyo ndiyo iliyonipeleka Ndosho, kwa fundi mmoja ambaye watu walisema anaweza kuunganisha hata yai.

Valentin hakuwa ameona violoni kwa karibu maishani mwake. Aliipokea kama mtu anavyopokea mtoto mchanga wa jirani, kwa woga. Siku ya sita nilipokuja kuichukua akasema, "Piga kidogo, nisikie kama imepona." Nikapiga. Yeye akachukua gitaa lake la umeme, ambalo kazi yake ilikuwa kupiga roki kwenye harusi za watu, akaanza kunifuata polepole, kama anayemfuata mgeni kwenye njia ya mawe. Kahambu, aliyekuwa anakaa parsele ya pili, kiwanja cha jirani, akaingia na ndoo, akaigeuza kuwa ngoma. Zile nyimbo za Padri zilikuwa na mwendo wa mapigo sita sita, nao ulilingana na hatua za dansi yetu ya harusi kule Masisi kana kwamba vyote viwili vilizaliwa kijiji kimoja. Tukajiita Lac Vert. Padri alizoea kusema nchi yake yote ni kijani, na sisi tulikuwa na ziwa letu dogo la kijani palepale kwenye barabara ya kwenda kambini.

Basi nikaikunjua ile barua nikiwa bado nimepiga magoti.

Iliandikwa kwa Kifaransa na mwanamke aitwaye Nuala, mpwa wa Padri Fintan. Yeye na wenzake wana bendi huko Irlandi. Wanapiga nyimbo za kale kwa violoni na filimbi, pamoja na gitaa za umeme na ngoma kubwa. Walikuwa wamesikiliza rekodi yetu mara nyingi kiasi kwamba majirani walilalamika. Mpiga violoni wao alikuwa mjamzito wa miezi minne. Walihitaji mtu wa kushika nafasi yake miezi minane, nao walikuwa wananiomba mimi. Nafasi ilikuwa moja tu. Safari na karatasi zote wangezishughulikia wao. Padri alikuwa hai, anatembea kwa fimbo, na alikuwa anauliza kama bado nakunja kiwiko vibaya. Waliomba jibu kabla ya Jumatatu, tarehe kumi na nane.

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na nne.

"Hii barua iko hapa tangu siku ngapi?" nikauliza.

"Béni..."

"Siku ngapi, Valentin?"

"Vingt-quatre." Alisema kwa Kifaransa, kama vile kwa Kifaransa siku zingekuwa chache.

Kahambu akasimama. "Mimi naenda kuangalia groupe," akasema, ingawa groupe haikuwa na ubaya wowote, akatoka na kutufungia mlango.

"Siku makumi mbili na ine!" Nikainuka. "Kila siku niko hapa. Tunakula kwa sahani moja. Unaniangalia ndani ya macho, kumbe uko umeikalia barua yangu!"

"Nilitaka kukupa siku ile ile. Nakuapia. Nilitoka kuitoa ku mashine ya intaneti, nikaishika mukononi. Halafu nikakuona uko nakuya ku barabara na violoni ku mugongo, sawa vile mama anabeba mutoto, uko nacheka na batu. Nikasema, nitamupa kesho." Akajipangusa uso kwa kiganja, vumbi la mbao likaacha mstari kwenye paji lake. "Na kesho yake nikasema vile vile."

"Uliogopa nitaenda."

"Niliogopa utaenda, ndiyo. Halafu nikaogopa ya pili: ukibaki sababu ya mimi, siku moja utaniangalia sawa mutu anaangalia kufuli. Sikujua woga gani niufuate. Nikaingiza barua ndani ya bafle."

"Na rekodi? Nani alibatumia?"

"Ni mimi. Nilitaka Padri akusikie. Aone kama violoni yake haikukufa njiani."

Hapo ndipo nilipolia, kwa sababu kama angekuwa mtu mbaya kazi yangu ingekuwa nyepesi. Niliitia violoni kwenye kitenge changu, nikaifunga mgongoni, nikashika barua. Alinifuata mpaka kwenye lami.

"Ngoja nikuitie pikipiki, Béni. Mvua iko karibu."

"Niko na miguu."

"Bénita."

Sikugeuka. Ningegeuka nisingefika nyumbani.

Kutoka Ndosho hadi Mugunga ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa mtu mwenye hasira. Barabara ya Sake ilikuwa imejaa kama siku zote: wanawake wa kambi wakirudi na kuni, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba mbao na viazi zikiteremka kwa kelele za magurudumu ya mti. Nilitembea nikimhesabia makosa yake, na kila kosa lilikuja na uso wake. Nilikumbuka siku moja ya mvua alipovua shati lake akafunika violoni badala ya kujifunika, akabaki anatetemeka huku anacheka. Nikazidi kukasirika. Mtu anapokukosea anatakiwa angalau akuachie nafasi ya kumchukia.

Wazazi wangu walikuwa wanakaa kwenye kibanda cha shitingi, turubai la plastiki, kama wenzao wote, ila chetu kilikuwa na mlango wa mbao. Ulikuwa na habari yake. Valentin aliutengeneza na kuuleta mabegani mwaka uliotangulia, awasalimie wazazi wangu kwa njia hiyo. Baba yangu, mzee Habarurema, aliusimamisha nje, ukaegemea jiwe, ukanyeshewa miezi mitatu. "Mutu wa gitaa analeta mulango, kesho analeta kitanda," alisema. Mwishowe mama yangu, Mukashyaka, aliufunga mwenyewe siku baba alipokwenda misa.

Baba hakumchukia Valentin kwa sababu ni Mushi, mtu wa kabila jingine, au ndivyo alivyosema. Neno lake lilikuwa moja, na alilirudia kila jina la Valentin lilipotajwa: "Gitaa inakamuliwa?" Maisha yake yote alikuwa mchungaji. Ng'ombe wake walipochukuliwa vitani, alibaki na majina yao tu, na wakati mwingine nilimsikia akiyataja chini chini kama rozari.

Mama aliponiona mlangoni akaacha sufuria. "Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, mama. Nimeitwa Irlandi."

Nikawasomea barua, nikiitafsiri neno kwa neno. Mama alishika mdomo kwa mikono miwili aliposikia kwamba Padri Fintan yuko hai. Baba alisikiliza huku anachokoa ardhi kwa kijiti.

"Miezi nane," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Unaenda kama nani?"

"Kama mupiga violoni."

"Sikuulize kazi. Nauliza mutu." Akaniangalia. "Mutoto mwanamuke hapande ndege sawa mbuzi yenye kamba imekatika. Kule batakuuliza: uko wa nani? Bibi ya nani? Muchumba ya nani?"

"Nitasema niko wa Habarurema."

"Habarurema iko na nini? Shitingi." Kile kijiti kikavunjika mkononi mwake. Mama akamwangalia, kisha akaangalia pembeni. Nje watoto wa majirani walikuwa wakigombania mpira. Halafu baba akakohoa.

"Ule mutu wa gitaa. Ako na bazee?"

Nilidhani sikio langu limeharibika. "Papa?"

"Nauliza kama ako na bazee. Akuye nao dimanche. Kama ni lazima uende, utaenda na jina ya bwana. Ule tunamujua. Bale ba kule hatubajue."

Mwaka mzima nilikuwa nimemwomba Mungu baba yangu atamke maneno hayo. Yakatamkwa siku ambayo sikutaka hata kuuona uso wa Valentin.

Nilimpigia Kahambu simu apeleke ujumbe. Alikuja kambini kesho yake akiwa anacheka peke yake. "Nilimwambia, akakaa juu ya msumeno," akasema. "Hapana, hakuumia sana. Ila hata hakusikia."

Jumapili baada ya misa walikuja. Valentin alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa gumu kama ubao. Pamoja naye alikuwa Mama Nshobole, mdogo wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa yatima wa miaka minne. Mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya ziwa. Alibeba bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi ya kwao, akaiweka mbele ya baba kwa mikono miwili.

Tulikaa nje, juu ya mawe na mbao, kwa kuwa ndani tusingeenea. Mimi nilikaa nyuma ya mama. Valentin hakunitazama, nami nilihakikisha simtazami, na tulifanya kazi hiyo vizuri sana hadi macho yetu yalipogongana. Alikuwa amekonda kwa siku tatu tu. Nikainamisha kichwa haraka.

Baba akaanza. "Mama, muko na haki ya kunishangaa. Huyu kijana nilimufungia mulango, hata ule alileta mwenyewe." Mama Nshobole akacheka kwa adabu. "Leo namufungulia. Mutoto yangu ameitwa mbali. Sitaki aende bila mutu wa kumungojea. Muchukue hii neno, mutie pete, mambo ya ng'ombe tutaiongea siku tutakuwa na pa kuifunga. Nimemaliza."

Mama Nshobole alikuwa ameshafungua mdomo kushukuru. Valentin akamtangulia.

"Papa," akasema, na sauti yake ilikuwa chini, "mwaka muzima nalala na hii neno, naamuka nayo. Ungeniambia mwezi uliopita, ningekimbia kwa furaha mupaka Sake. Lakini leo sitaitika."

"Nyamuzinda!" Mama Nshobole akamwita Mungu wa Bashi kwa sauti iliyowageuza majirani. "Valentin! Akili yako iko wapi?"

Uso wa baba ukawa kama jiwe la volkano. "Unamukataa mutoto yangu? Hapa? Ku mulango yangu?"

"Simukatae, papa." Valentin akapiga goti juu ya yale mawe makali, na suruali yake nzuri. "Niliificha barua yake. Siku vingt-quatre. Nilimuiba siku vingt-quatre za maisha yake, juu niliogopa. Nikimutia pete leo, nitakuwa namuiba tena, na mara hii mbele ya bazee. Aende mikono mitupu. Akirudi, kama moyo yake ingali hapa, nitakuya kwako na miguu yangu kuomba sawa vile inaombwa."

Hapo nilimsamehe. Nilimsamehe mzima mzima. Na palepale nikamkasirikia upya, yeye na baba yangu kwa pamoja, nikasimama kabla sijajua nitasema nini.

"Kuna mutu ameniuliza?"

Wote wakanigeukia. Mama akanivuta kitenge. Nikakitoa mkononi mwake taratibu.

"Papa anataka kunifunga kamba. Huyu anataka kunifungua. Mimi niko ng'ombe?" Baba akataka kusema, nikaendelea nikiwa bado na pumzi. "Nitaenda Irlandi. Nitapiga violoni miezi nane. Nitarudi. Na nikirudi, bwana ninayemutaka ni huyu, hata kama gitaa haikamuliwi. Nasema mbele yenu bila pete, nikiwa na akili yangu. Na kama nitamukuta na bibi mwengine, ile gitaa nitaivunjia ku kichwa yake."

Mama Nshobole akapiga makofi mara moja, kisha akajiziba mdomo.

"Maneno," baba akasema, lakini ukali ulikuwa umempungukia. "Maneno inapeperuka. Nani atakuwa mushahidi wa hii neno?"

Ndipo mama yangu, ambaye tangu asubuhi hakusema zaidi ya karibuni, akajiweka sawa pale alipokaa.

"Habarurema. Ule mwaka wa ukame ulipeleka ng'ombe za baba yako mbali, mupaka kule Rutshuru. Tulikuwa hata hatujaposana. Ulikaa miaka mbili."

"Hiyo ni mambo ya zamani."

"Nani alikufunga kamba?"

Baba akaanza kukaza kifuniko cha bidoni.

"Nauliza tu. Kule kulikuwa na babinti bazuri, bote banajua. Dada zangu banasema, Mukashyaka, olewa, ule harudi. Ulirudi. Nani alikuwa mushahidi?"

Nilimwona baba yangu akitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo la upande mmoja, la kijana fulani ambaye sikupata kumjua, na lilikuwa la mama peke yake. Wakatazamana hivyo kwa muda, watu wawili wenye mvi mbele ya kibanda cha shitingi, mpaka sisi wengine tukaona haya.

"Mukashyaka," akasema hatimaye, "mashanza iko?"

"Iko kidogo."

Mama akaingia ndani akatoka na maziwa ya mgando ndani ya kikombe cha bati. Baba akanywa kwanza. Kisha akampa Valentin, aliyekuwa bado amepiga goti. Kwetu, kunywa maziwa katika kikombe kimoja na mwenye nyumba si jambo dogo, na Valentin, Mushi au si Mushi, alilijua. Alikishika kwa mikono miwili. Alikunywa polepole, na juu ya ukingo wa kikombe macho yake yakanipata, na safari hii hakuna aliyeyakimbia.

"Amuka sasa," baba akasema. "Utachana ile suruali."

Jioni, jua likiwa bado lipo, waliniruhusu nimsindikize mpaka Lac Vert. Mama Nshobole alikuwa ametangulia mbali mbele yetu, akiimba kwa makusudi ili tujue hasikilizi. Tulisimama juu ya ukingo. Chini yetu maji yalikuwa kijani kabisa, yametulia ndani ya bakuli lake la mawe.

"Bado uko na kasirani?" Valentin akauliza.

"Bado. Nitakukasirikia siku makumi mbili na ine. Nimeanza Alhamisi."

"Siku moja haitoke?"

"Hata moja."

Akahesabu kwa vidole, kwa uso wa mtu anayepima mbao. "Basi imebaki makumi mbili na moja. Nitavumilia." Kisha akaninyooshea kitenge begani, taratibu, na mkono wake ukakaa pale muda mrefu kuliko kitenge kilivyohitaji. "Béni, nitafanya nini na muziki? Wewe ndiyo wimbo. Mimi nafuataka tu."

"Utafuata hata ukiwa huku. Nitakutumia nyimbo, utaweka gitaa yako."

"Na nikikukosa?"

"Utanikosa," nikamwambia. "Mimi vile vile. Hatutakufa."

Jibu nililipeleka asubuhi ya Jumatatu, mimi na yeye tukiwa tumebanana kwenye kiti kimoja cha ofisi ya intaneti. Aliandika yeye, mimi nikimtajia maneno. Karatasi za safari zilichukua miezi mitatu, na katika miezi hiyo tulipiga kwenye harusi tano na ubatizo mmoja, na Lac Vert haikuwahi kupiga vizuri namna ile. Watu wa Ndosho walianza kuruka ule mwendo wa Irlandi kana kwamba waliulea wenyewe.

Siku ya kuondoka tulifika Grande Barrière, kituo cha mpakani, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ndege yangu ilikuwa Kigali. Mpaka nilitakiwa kuuvuka kwa miguu, peke yangu. Foleni ilikuwa ndefu: wanawake wenye beseni za mboga, wanafunzi, wachuuzi. Mama alinibariki kwa kidole gumba kwenye paji la uso, akanipa maandazi aliyoyafunga kwa gazeti. Kahambu alilia waziwazi na kuulaumu moshi wa pikipiki.

Valentin alikuwa amenitengenezea sanduku la violoni, la mbao nyepesi, ndani limebandikwa kitambaa cha shati lake jeupe. Nililigusa nikakosa neno.

"Uliikata shati ya dimanche?"

"Nitanunua ingine siku ya kuomba." Alitabasamu. "Sitalia, Béni. Niliahidi mama mudogo. Ukienda, usigeuke mara mingi."

"Mara moja tu."

"Mara moja nitaweza."

Hatukukumbatiana mbele ya baba; Valentin alinipa mkono, nami nikampa, na vidole vyetu vikafanya kwa siri yale ambayo mikono ilizuiwa. Kisha foleni ikasogea, na ikabidi niachie.

Nilipita kizuizi cha kwanza. Afisa akagonga mhuri. Nikatembea hatua kama thelathini kwenye ile lami iliyo kati ya nchi mbili, sanduku mkononi, ndipo nikatumia ile mara yangu moja.

Valentin hakuweza. Alikuwa amesimama wima kama mti, mikono imeanguka ubavuni, na machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya ule umati wote, hajui hata kuyapangusa. Watu walikuwa wameanza kumtazama. Nikamwona baba yangu akigeuka, akimwangalia kwa muda. Baba ana kofia nyeusi ya wachungaji, ya baba yake na ya babu yake. Alikuja nayo kichwani kutoka Masisi wakati vitu vyote vingine vilibaki, na hata sisi watoto wake hatukuruhusiwa kuigusa. Akaivua. Akamvalisha Valentin, akaivuta chini mpaka ikafunika macho, ili watu wasimwone akilia. Kisha akamshika mkono juu ya kiwiko, yeye mwenyewe kichwa wazi, mvi zake zote juani, akasimama naye hivyo.

Afisa wa upande wa pili, mwanamke wa makamo, alikuwa ameshika pasipoti yangu na kufuata macho yangu.

"Yule mzee ni baba yako?"

"Ndiyo."

"Na yule mwenye kofia?"

Nilijipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Nilitaka kusema mpiga gitaa, nikataka kusema mchumba, na hakuna lililotosha.

"Ni wa kwetu," nikamwambia, naye akagonga mhuri.